Ukurasa wa Kulia

Pikipiki ilisikika kabla haijaonekana. Ilikohoa mara mbili kwenye mteremko, ikanyamaza kama inayovuta pumzi, kisha ikanguruma upya, na kila mwalimu wa shule ile ya karibu na Sori akajua nani ameipanda. Mwalimu mkuu alivaa koti. Mwalimu wa darasa la pili alizima redio. Vitabu ambavyo havikuguswa tangu muhula uanze vilifunguliwa na kupekuliwa haraka haraka, ili vionekane vimechoka.

Mwalimu Truphena peke yake hakushtuka. Alikuwa nje, ufuoni mwa ziwa nyuma ya shule, na watoto arobaini na wawili wa darasa la sita walioketi mchangani wakiwa wamefumba macho.

"Nimesikia pikipiki," alisema mmoja.

"Pikipiki inafanya nini?"

"Inalia."

"Mtoto ndiye analia. Pikipiki je?"

Kisha msichana mmoja aliyeketi mwisho akasema polepole, akilionja neno kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi, "Inanguruma, mwalimu. Kama mtu amekasirika."

"Haya, fumbueni macho," alisema Truphena akicheka. "Huyo aliyekasirika anakuja kwetu."

Watoto hawa walizungumza Kijaluo nyumbani, na Kiswahili walikutana nacho darasani kama mgeni mwenye viatu. Insha zao zote zilianza kwa jua kuchomoza mashariki na ndege kuimba mitini, hata insha ya mazishi ya nyanya. Truphena alichoka na jua hilo. Ndipo akabuni somo lake: nenda ufuoni, fumba macho, sikiliza, kisha taja ulichosikia na ukitafutie kitenzi chake. Tangu siku hiyo jua lilipunguza kuchomoza, na makasia yakaanza kugonga, na omena wakaanza kukwaruza kwenye nyavu.

Lakini Truphena alikuwa yuti. Ndivyo walivyoitwa walimu walioingia darasani bila kupitia chuo. Mwaka huo wa 1994 alikuwa ametimiza miaka sita akiitwa hivyo. Yuti hufundisha darasa lenye watoto wengi, husimamia zamu ya Ijumaa, na mgeni akija shuleni, yuti ndiye huwasha stovu.

"Mwalimu Truphena," mwalimu mkuu aliita kutoka mlangoni, "mkaguzi amefika. Tafadhali, chai."

*

Bwana Magige, mkaguzi wa shule, alikuwa mtu mrefu, mkavu, asiyependa mzaha. Aliketi katika chumba cha walimu, akafungua kitabu cha maandalio cha Truphena, akasoma ukurasa mmoja. Akausoma tena. Kisha akatoa mkobani kitabu kingine chenye jalada la karatasi ya kaki na kukilaza kando ya kile cha kwanza.

Truphena alikuwa anamimina chai. Aliutambua mwandiko ule kutoka upande wa pili wa meza, herufi zimelalia kulia kama miwa iliyopigwa na upepo. Ulikuwa mwandiko wa mume wake.

"Somo hili umeliandika wewe?" aliuliza Bwana Magige.

"Ndiyo, bwana."

"Wewe mwenyewe?"

"Mimi mwenyewe."

Mkaguzi akasoma kwa sauti, kidole kimoja kwenye kila kitabu. "'Wanafunzi watembee hadi ufuoni, dakika tano. Wafumbe macho, dakika mbili. Kila mmoja ataje sauti moja na kitenzi chake.' Hiki cha pili ni cha Mwalimu Omwenga wa Awendo. Neno kwa neno. Jumanne nilimuuliza, mwalimu, hapa Awendo ufuo uko wapi? Naona miwa tu. Unajua alinijibu nini?"

Truphena hakujua. Alikumbuka tu kwamba Jumapili, alipokwenda kumtembelea, Omwenga aliketi mezani na kitabu chake yeye Truphena, akisema anaangalia tarehe.

"Alisema, 'Bwana mkaguzi, hilo si la darasa langu. Hilo ninamwandalia mke wangu huko Sori. Yeye ni yuti, bado hajui kuandaa. Limeingia kitabuni mwangu kwa bahati mbaya.'"

Mwalimu wa darasa la pili alikohoa ili asicheke. Mwalimu mkuu aliangalia dari.

"Mume mwema," aliendelea mkaguzi bila tabasamu. "Lakini mimi nina orodha ya walimu watakaokwenda chuo, mafunzo ya likizo, na jina lako ni la nne. Sasa niambie: mtu anayeandikiwa na mume wake nyumbani, huko chuoni ataandikiwa na nani?"

Maneno yalifika kwenye meno ya Truphena. Mume wangu amekudanganya. Yalikuwa maneno matatu tu. Lakini chumbani mlikuwa na wanaume watano, na yeye alikuwa amesimama na birika mkononi, na mke anayemwita mumewe mwongo mbele ya wanaume watano husikilizwa kwa ajili ya kicheko tu. Akayameza.

"Alhamisi ijayo atalifundisha mwenyewe," alisema Bwana Magige. "Anataka unaibu wa mwalimu mkuu, nami nataka kumwona. Nimemwambia alibadilishe lifae Awendo. Nawe utakuja, ukae nyuma ya darasa, ujifunze mwenye somo anavyofundisha. Tukitoka hapo nitaamua juu ya jina lako. Orodha inaondoka Ijumaa." Akavuta kikombe. "Hii chai ina sukari?"

"Ina sukari, bwana," alisema Truphena. "Ya Awendo."

*

Jumamosi ilikuwa mwisho wa mwezi, na mwisho wa mwezi walimu wa pande zote hukutana Migori kwa sababu ya benki. Wakishatoka kwenye foleni, wale waliojuana waliingia dukani kwa Habon. Habon alitoka Garissa miaka mingi iliyopita, akauza vitambaa mbele na chai ya tangawizi nyuma, na chini ya kaunta yake, mahali ambapo wengine huficha rungu la wezi, alitunza daftari nene la walimu.

Daftari hilo lilikuwa na sheria moja. Ukurasa wa kushoto ni wa mwenye somo. Aliandika somo lililomfaa, akatia jina na tarehe. Ukurasa wa kulia uliachwa mtupu. Yeyote aliyelichukua somo hilo na kulifundisha kwake alipaswa kurudi na kuandika kulia alichobadilisha, na kama lilianguka, aandike lilivyoanguka. Kuchukua bila kurudisha kulikuwa aibu kuliko kuchelewa kazini.

Somo la kufumba macho lilikuwa humo tangu muhula uliopita, na jina la Truphena chini yake. Upande wa kulia, Nyanchama wa Magunga alikuwa ameandika: *Kwetu ziwa ni mbali. Nimewapeleka kando ya ua wa mbuga. Walisikia kwato kabla ya kuona mnyama. Wawili walikimbia.* Chini yake Ryoba, aliyefundisha karibu na mpaka wa Tanzania, aliandika: *Nimewapeleka mnadani. Ng'ombe wanaroroma, madalali wanaapa. Neno 'kuapa' sitalifundisha tena, limeshaingia.*

Leo wote wawili walikuwepo, na Truphena aliwaeleza yote bila kulia.

Ryoba alipiga meza hadi vikombe vikaruka. "Piwan mzima, mwalimu wa chuo na cheti chake, anaandika 'ufuoni' katikati ya miwa! Si mto Sare uko pale pale? Angekata 'ufuo' aandike 'mto' tu, angepona!"

"Nyamaza, Ryoba," alisema Nyanchama. "Huyu anaumia."

"Naongea kwa sababu anaumia. Truphena, nyar Karungu, chukua hili daftari, Alhamisi umtupie mkaguzi mezani. Tarehe iko. Jina liko. Kwisha maneno."

Truphena alikuwa amelikumbatia daftari kama mtoto mwenye homa. "Humu mna majina kumi na tisa," alisema. "Ule waraka wa mkaguzi mliusoma. Andalio liwe jasho la mwalimu mwenyewe, na anayenakili ataandikiwa barua. Mimi nitapona, halafu zitaandikwa barua kumi na tisa."

"Basi pasua ukurasa mmoja," alisema Habon kutoka kwenye kaunta.

"Ukurasa wa somo langu una majina yetu sote watatu, dada Habon. Na Nyanchama bado yuko kwenye majaribio."

Nyanchama alitazama mikono yake. "Ukitaka, chukua," alisema hatimaye. "Mimi sitakulaumu."

Truphena alilirudisha daftari kwenye kaunta.

Habon alilipangusa vumbi ambalo halikuwepo. "Mumeo amechukua kitu nyumbani na hakukirudisha," alisema. "Kwetu, jambo kama hilo anaambiwa mwenyewe kwanza, kabla serikali haijaambiwa. Nenda Awendo, mwalimu. Gari bado zipo."

*

Omwenga alikuwa amenunua nyama. Hilo lilimwambia Truphena kila kitu hata kabla ya salamu, kwa sababu Omwenga hakuwa mtu wa kununua nyama. Alikuwa ameipika mwenyewe, ikaungua kidogo.

"Mama Kerubo, keti, umechoka."

"Baba Kerubo, mkaguzi alifika Sori."

Aliketi yeye badala yake. Alikuwa na uso mzuri, uso ambao wazazi wa Awendo waliupenda siku za mikutano, na sasa haukujua uangalie wapi. "Alinishtukiza," alisema. "Nilikuwa nyuma, maandalio ya wiki tatu nzima. Jumapili nikaona kitabu chako pale mezani. Niliandika tu. Sikusoma nilichoandika. Hata ubaoni nikaandika hivyo hivyo: tutatembea hadi ufuoni. Aliponiuliza ufuo uko wapi, ulimi ukajibu wenyewe."

"Si ungesema tu umenakili?"

"Niseme nimenakili kwa nani? Kwa yuti?"

Neno lilitoka na kuketi katikati yao mezani, kando ya nyama. Omwenga alilisikia na yeye. Alifungua mdomo kulirudisha, lakini neno si kuku, halirudi bandani ukiliita.

Nje trekta ilipita na tela nne za miwa, na madirisha yakatetemeka.

"Kumbe hata wewe unaniita hivyo," alisema Truphena.

"Sikutaka…"

"Miaka sita nilidhani ni wao tu."

Omwenga alijitetea, kwani mtu aliyekosa huwa na maneno mengi. Alisema unaibu ni wa nyumba nzima, si wake peke yake. Alisema mwakani kutakuwa na orodha nyingine. Truphena akamkumbusha kwamba alisema hivyo mwaka juzi, na kwamba mwenye miaka thelathini na nne haendelei kungoja orodha kama anayengoja mvua. Sauti hazikupanda. Jirani aliyekuwa akiosha vyombo nje hakusikia kitu cha kupeleka kisimani.

Mwishowe Omwenga akasema jambo la kweli. "Sijui kulifundisha lile somo. Nimekaa siku tatu. Nikitoa ufuo, sioni kinachobaki. Nisaidie, tafadhali."

Truphena angeweza kumwandikia lote kwa dakika kumi, na vidole vyake vilitaka. Hiyo ndiyo ilikuwa taabu: vidole vya mwalimu havijui kukasirika.

"Ukurasa wa kushoto umeshauchukua," alisema. "Wa kulia kila mtu hujaza mwenyewe. Kesho nenda pale barabarani trekta zinapopinda. Simama, ufumbe macho."

"Watu wataniona."

"Ndiyo. Hata watoto huonwa."

"Na Alhamisi? Ukiongea ukweli pale, umenivua nguo mbele ya darasa langu."

"Mimi nimeambiwa nikae nyuma nijifunze," alisema Truphena, akivuta sahani. "Nitakaa nyuma. Anayesimama mbele ni wewe."

*

Alhamisi alikaa nyuma. Benchi lilikuwa la watoto, magoti yakamfika kifuani, na watoto wawili aliokaa nao walimsogelea wakinusa mafuta yake ya nywele. Bwana Magige aliketi kwenye kiti, kando ya dirisha, na faili mbili pajani.

Omwenga aliingia bila kitabu. Aliwatoa watoto nje, hadi kwenye ua wa shule unaopakana na barabara ya miwa. Mkaguzi akafuata, Truphena akafuata mkaguzi.

"Fumbeni macho," alisema Omwenga. Kisha, mbele ya mkaguzi, mbele ya wapita njia na baiskeli zao, naye akafumba yake.

Dakika mbili ni ndefu kwa mtu mzima aliyesimama kandokando ya barabara. Mwendesha baiskeli mmoja akauliza kwa sauti kama ni maombi. Omwenga hakufumbua.

Waliporudi darasani, sauti ziligombania kutoka. Tela inalalamika. Minyororo inagongana. Majani ya miwa yanachakarika. King'ora cha kiwanda cha sukari kinalia, alisema mmoja, na Omwenga akauliza, "Kinalia au kinaita?" na darasa zima likajibu kwamba kinaita, kinaita baba zetu. Truphena alijikuta ameegemea mbele. Somo lilikuwa lake, na halikuwa lake tena, kama mtoto wa kike aliyerudi kutembea kwao akiwa na mtoto wake mwenyewe mgongoni.

Kisha Omwenga akauliza swali ambalo Truphena hakuwahi kuliuliza. "Sasa niambieni sauti mliyoitarajia, na hamkuisikia."

Kijana mmoja alisimama. "Trekta ya baba," alisema. "Ina honi ya kupasuka. Siku hizi haipiti."

"Andika hiyo," alisema Omwenga kwa upole. "Anzia hapo. Usitafute jua."

Baadaye, kalamu zilipotulia, Bwana Magige alisimama na kukohoa. "Nimeridhika," alisema. "Mwenye somo amejulikana." Aliandika kitu kwenye faili ya juu, kirefu, akatia sahihi. Kisha akageukia benchi la nyuma. "Mwalimu Truphena, umeona? Umejifunza nini?"

Vichwa hamsini viligeuka kumtazama mtu mzima anayeulizwa swali kama wao. Truphena alisimama, na benchi lilipopunguziwa uzito likainuka kwa kelele. Angeweza kusema mengi. Alisema ukweli uliokuwa karibu.

"Nimejifunza kuuliza sauti isiyosikika. Hiyo sikuwa nayo."

Mbele ya ubao, Omwenga alikuwa ameshika chaki. Truphena aliona ikivunjika katikati.

Ndipo mkono mmoja ukapanda. Ulikuwa wa Liz, msichana wa dawati la kwanza aliyejulikana kwa maswali yasiyochagua saa. "Mwalimu, na ziwani tutaenda lini?"

"Ziwani?"

"Ile siku uliandika ubaoni, tutatembea hadi ufuoni. Mimi nimeshaambia nyanya. Amesema nimletee maji yake kwa chupa. Hajawahi kuona ziwa. Hata mimi."

Wengine wakacheka, wengine wakasema kweli, aliandika, hata sisi tulinakili. Bwana Magige alikuwa anafunga mkoba. Omwenga aliweka vipande vya chaki mezani, kimoja kimoja.

"Nililiandika, Liz," alisema. "Lakini si langu. Nililitoa kwenye kitabu cha mwalimu mwingine, neno kwa neno, hata sikusoma. Ndiyo maana lilikuwa na ziwa. Mwalimu huyo ameketi pale nyuma. Anaitwa Mwalimu Truphena. Ni mke wangu. Lile la kufumba macho ni lake lote, mimi nimeongeza swali moja."

Kisha mnong'ono ukatambaa kutoka dawati hadi dawati, *mwalimu alinakili, mwalimu alinakili*, kwa maana wiki iliyopita tu alikuwa amechapa wawili kwa kosa hilo hilo. Kijana wa mwisho alicheka waziwazi. Omwenga alimwacha acheke.

"Mwalimu Omwenga," alisema Bwana Magige, "unajua nimeandika nini kwenye faili hii?"

"Nadhani najua, bwana."

"Na unajua nitaandika nini sasa?"

"Najua. Jumanne ile nilikudanganya."

Mkaguzi alifungua faili ya juu, akapiga mstari mmoja, polepole, kama mtu anayekata kitambaa alichokipenda. Kisha akafungua ya pili. Hakumtazama Truphena usoni. Alisema tu, kwa sauti ya ofisini, "Mwalimu, hapa kwenye orodha nafasi ya kitambulisho chako iko wazi. Nambari ni ngapi?"

Truphena aliitaja. Ilibidi aitaje mara mbili, maana ya kwanza haikusikika.

Liz alikuwa bado amesimama. Mambo ya wakubwa na mafaili yao hayakumhusu. "Kwa hivyo hatuendi?" aliuliza.

Omwenga aliangalia nyuma ya darasa, na kwa mara ya kwanza wiki hiyo macho yake yalijua mahali pa kutua. Truphena hakutabasamu. Alihamisha tu mkoba wake kutoka kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.

"Tutaenda," alisema Omwenga, kwa sauti iliyofika hadi barabarani. "Kabla muhula haujafungwa nitawapeleka Sori, nyote, na wewe Liz uje na chupa ya nyanya. Mwalimu Truphena atafundisha, na mimi nitakaa nyuma, nifumbe macho."